Vitufe Vilivyogombaniwa

Kiwandani walimwita Kinanda, na jina hilo alilipata kwa vidole vyake. Alikuwa mkuu wa chumba cha uchoraji katika kiwanda cha uchapaji, na kazi yake ilikuwa kupanga kwenye kompyuta zile lebo zinazobandikwa kwenye chupa za dawa, makopo ya rangi, mifuko ya mbegu na maboksi ya sabuni. Wenzake walichora kwa mausi: wanaburuta mshale hadi juu ya kioo, wanafungua orodha ya amri, wanatafuta, wanachagua, wanarudi walikotoka. Kinanda hakuhangaika na orodha. Kila amri ya programu ya kuchorea aliijua kwa vitufe vyake, viwili viwili au vitatu vitatu, mkono wa kushoto ukitambaa juu ya kibodi bila kuangaliwa. Wageni wakitembezwa kiwandani waliletwa kusimama nyuma ya kiti chake wamshangae kidogo. Yeye alijifanya hajui kama wapo, ilhali kasi ile alikuwa anaiongeza makusudi.

Watu waliuita ufundi, na mwanzoni ulikuwa ufundi kweli. Baadaye ukageuka kuwa fimbo ya kipofu, ila hapakuwa na aliyejua hivyo isipokuwa mkewe. Daktari alikuwa amemweleza bila kuzunguka kwamba presha ndani ya macho imekula mishipa, na kwamba matone atakayopewa ni ya kulinda kilichobaki tu, siyo ya kurudisha kilichokwenda. Kilichobaki kilikuwa tundu la katikati. Aliona dunia kama mtu anayechungulia kupitia karatasi iliyoviringishwa, kipande hiki, halafu kipande kile, na tundu lenyewe halikuacha kusinyaa. Herufi kubwa aliziweza akizisogelea. Herufi ndogo zilikuwa zimeshamuaga.

Alimwapisha mkewe asimwambie mtu, hata ndugu zake wa tumbo moja. Sababu aliyoitoa ilikuwa binti yao, aliyekuwa chuoni akisomea ualimu na bado hajamaliza. Baba akitolewa kazini leo, binti anarudi nyumbani kesho. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa peke yake. Ukweli mwingine ni kwamba Kinanda alikuwa na majivuno ya kutosha watu watatu, na wazo la kushikwa mkono apelekwe msalani mbele ya vijana aliowafundisha kazi lilimtoa jasho jembamba. Afadhali njaa kuliko hilo, alijiambia, ingawa njaa hakuwa ameijaribu.

Basi akaishi kwa hila. Jioni wakitoka na mkewe alimshika mkono, na majirani wakasema ndoa hiyo bado ina asali. Kiwandani alijua kila kiti kilipo na kila kizingiti. Aliyeacha mkoba sakafuni alikaripiwa mpaka akaomba radhi, na chumba kizima kikaamini kwamba mzee anapenda usafi. Alinuna akisalimiwa kwa ishara, maana ishara haikumfikia. Wakamwona mtu wa maringo, naye akaona ni heri maringo. Na mbele ya kompyuta, pale ambapo angeumbuka kuliko kwingine kokote, ndipo alipokuwa salama zaidi, kwa sababu vidole havikuhitaji macho kujua Ctrl iko wapi.

Halafu bosi akabadilisha mfumo.

Bosi alikuwa mwanamama aliyekirithi kiwanda kutoka kwa baba yake pamoja na ubahili wa baba yake, na mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna mfumo wa kompyuta usiolipiwa. Kazi ya kuuweka alipewa fundi wa kompyuta, ambaye alikuwa shemeji yake Kinanda, mdogo wa mwisho wa mkewe. Kinanda ndiye aliyemwingiza kiwandani miaka ya nyuma, akamdhamini kwa maneno yake mwenyewe. Walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. "Mimi nimekuachia dada yangu, wewe umenikabidhi mashine mbovu," shemeji alikuwa akisema mbele za watu. "Hebu waamue hawa, nani kapunjwa."

Programu ya kuchorea ilibaki ileile. Kilichobadilika ni nyumba ambamo programu hiyo ilikaa: lile eneo-kazi, yaani uwanja mzima unaouona ukiwasha mashine, wenye madirisha na vijipicha vyake. Eneo-kazi jipya lilikuja na vitufe vyake lenyewe, na lilikuwa na tabia ya mwenye nyumba mjuba. Chochote anacholetewa mpangaji, yeye anakipokea mlangoni, na akikipenda hakifiki chumbani. Ukishika Alt na kubofya mausi, programu ya kuchorea inaelewa kwamba unataka kitu kilichofichwa chini ya kingine. Eneo-kazi lilielewa vingine: likalishika dirisha lote na kulikokota kando. Ukishika Ctrl na Alt na kubonyeza kitufe cha mshale, unaingia kwenye uwanja mwingine mtupu, na mchoro wako umebaki ulikotoka. Programu yenyewe haikuwa na kosa. Maskini haikusikia hata kwamba imeitwa.

Wenzake Kinanda walilalamika siku ya kwanza, wakacheka siku ya pili, kisha wakazoea. Kitufe kikigoma walikwenda kwenye orodha ya amri kwa mausi, wakaendelea na maisha. Dirisha likikimbia waliliona lilikokimbilia, wakalirudisha. Kwa Kinanda orodha ile ilikuwa ukungu mtupu, na dirisha likimponyoka alibaki akizungusha kichwa mbele ya kioo kama kuku anayetafuta punje, huku akihofia mtu asije akatokea nyuma yake. Kazi ya asubuhi moja ikaanza kumla siku nzima. Akawa mkali hadi chai ikamwogopa.

"Mzee Kinanda, siku hizi unachelewa," mkaguzi alimwambia. Huyu alikuwa mama mpole aliyesoma kila lebo na kuitia sahihi kabla haijaenda mtamboni. "Una mgonjwa nyumbani?"

"Nina mfumo mgonjwa hapa," alijibu. "Kamuulize aliyeuleta."

Mkaguzi akaondoka zake. Kinanda alijua kwamba amemjibu vibaya mtu asiye na hatia, na alijua pia kwamba mwendo huo hautamfikisha popote. Siku moja bosi angesimama nyuma ya kiti chake amwangalie, kama wale wageni. Mchana huo akamwita shemeji.

"Shemeji, mashine yako inaniibia vitufe."

"Haiibi, shem. Inawahi tu." Shemeji alivuta kigoda, akakaa karibu mno kiasi cha Kinanda kusikia harufu ya waya zilizolehemiwa kwa risasi kwenye shati lake. "Haya, nioneshe kimoja kimoja. Ukibonyeza unataka nini, na unapata nini?"

Wakaanza. Kinanda anabonyeza, anaeleza alichokitaka. Shemeji anatazama kilichotokea. Ilikuwa kazi ya kupatanisha majirani wanaogombea uchochoro. Kwa kila kitufe shemeji aliuliza swali lilelile: je, programu imekisikia, au eneo-kazi limekinyakua njiani? Kilichonyakuliwa alikifuata kwenye mipangilio ya eneo-kazi. Amri ya kukokota dirisha akaitoa kwenye Alt, akaihamishia kwenye kile kitufe chenye alama ya dirisha, ambacho programu ya kuchorea haikuwa na shughuli nacho. Ile ya kurukia uwanja mwingine akaifuta kabisa. "Nani anahitaji viwanja vinne?" alisema. "Wewe hicho kimoja kinakushinda." Kinanda akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mfumo uje.

Shemeji akainama chini ya meza kuchomeka waya uliolegea. "Nisomee hapo, shem. Imeandika nini?"

Kinanda akakitazama kioo. Kulikuwa na kiboksi katikati, hilo aliliona, na ndani ya kiboksi kulikuwa na vumbi la herufi. Angeweza kukisogelea kioo mpaka pua iguse. Hakusogea.

"Imeandika sawa," alisema.

Shemeji akatoka chini ya meza taratibu, akasimama, akasoma mwenyewe. Kiboksi kilikuwa kinauliza kama mabadiliko yahifadhiwe au yatupwe, na neno sawa halikuwamo mahali popote. Akabonyeza kuhifadhi.

"Shem, hiyo miwani umeipima lini?"

"Miwani yangu ina nini?"

"Haina kitu."

Hakuuliza tena. Ila kabla ya kuondoka aliukuza mshale wa mausi mara mbili bila kuombwa, akatoa gundi mfukoni, na juu ya vitufe vichache vya mkono wa kushoto akadondosha matone madogo madogo, yakakauka yakawa vipele vya kugusa kwa ncha ya kidole. "Vumbi lisiingie," alisema. Kinanda hakumuuliza gundi na vumbi vinahusiana vipi. Alimshukuru, na walivyoagana walitaniana kuhusu dada mtu kama kawaida yao, sauti zikiwa juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tangu hapo vidole vikarudi. Alt ikawa Alt, madirisha yakatulia yalipowekwa, na mzee akawapiga tena chenga vijana wenye macho mazima. Mkewe alimsikia akiimba bafuni. Mkaguzi aliombwa radhi, akaletewa na soda. Nadhani hizo ndizo siku zilizomponza, kwa sababu mtu aliyeponea chupuchupu anapaswa kutembea kwa hofu, na yeye alikuwa anatembea kifua mbele. Alikuwa ameanza kuamini kwamba tatizo lake lilikuwa vitufe.

Kazi iliyokuja ilikuwa ndogo hata ya kuudhi. Watengenezaji wa dawa ya kikohozi walitaka lebo yao ya zamani irekebishwe. Dawa ile sasa ingekuwa ya watoto tu, kwa hiyo kwenye jedwali la kipimo mstari wa watu wazima utolewe. Jedwali lilikuwa na safu mbili. Ya kushoto ni umri, kuanzia watoto wachanga juu hadi watu wazima chini. Ya kulia ni kipimo: nusu kijiko kwa wachanga, kijiko kimoja kwa wanaofuata, viwili kwa wakubwa wao, vitatu kwa watu wazima. Unafuta umri wa chini kabisa, unafuta kipimo cha chini kabisa, unapanga upya nafasi, umemaliza.

Kinanda hakuwa anatafuta vitu kwa macho tena. Alivirukia kwa kitufe cha Tab, ambacho kwenye programu ile kinakupeleka kutoka kitu kimoja hadi kingine kwa mpangilio ambao vilichorwa, na ukiongeza Shift kinakuleta kwenye kilichochorwa mwisho. Kwenye safu ya umri alirukia cha mwisho, akafuta. Watu wazima wakaondoka. Kwenye safu ya kipimo akafanya vilevile. Lakini safu ile ilikuwa imeongezwa baadaye na mchoraji mwingine, aliyekwishaacha kazi zamani, na mtu huyo kwa sababu zake mwenyewe alikuwa ameichora kuanzia chini kwenda juu. Kilichochorwa mwisho kilikuwa nusu kijiko. Hicho ndicho Kinanda alichokifuta.

Kisha akabonyeza vitufe vya kupanga safu, na programu ikatii, kwa sababu sasa hakukuwa na mwenye nyumba wa kuikatiza. Vipimo vilivyobaki vikasogea juu vikajipanga sambamba na umri, vimenyooka. Mtoto mchanga akapata kijiko kizima, aliyemfuata vijiko viwili, mkubwa wao dozi ya mtu mzima. Kinanda akasogeza uso kwenye kioo kuhakiki. Tundu lake likaona neno kijiko, likaona nafasi zilizo sawa, likaona mstari ulionyooka. Safu mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, lilikuwa limeshashindwa kuziona siku nyingi. Akapeleka kwa mkaguzi.

Mkaguzi alisoma tahadhari, akasoma anwani, akasoma tarehe. Jedwali alilipitishia jicho tu. Lilikuwa safi, na lilitoka kwa Kinanda, na tangu aajiriwe hapo hajawahi kumkuta na kosa. Akatia sahihi.

Habari zilikuja kwa simu, halafu kwa gari. Mtoto wa miezi minane alikuwa amepewa kijiko kizima kama lebo ilivyosema, usiku kikarudiwa, na asubuhi hakuamka. Alikuwa hospitali, kwenye hewa ya mtungi. Chupa zilikuwa zinakusanywa madukani. Bosi aliwaita ofisini kwake Kinanda, mkaguzi na fundi wa kompyuta, na mbele yao akaketi afisa wa watengenezaji wa dawa, aliyekuwa ameweka chupa moja mezani na hakuigusa tena.

Kinanda alisimama karibu na kabati, mkono nyuma ukishika ukingo wake. Sikusudii kumdhulumu: aliyekuwa anamfikiria wakati huo alikuwa mtoto yule. Alimfikiria kweli. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda na lebo dirishani, akaisoma kipande kwa kipande mpaka akaelewa alichofanya, na alitapika chooni akiwa amefungulia bomba watu wasisikie.

"Mzee Kinanda," bosi alisema. "Wewe ni mtu ninayekuamini kuliko wote humu. Niambie imekuwaje."

Alikuwa amejiandaa kusema. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa haimsaidii. Maneno yalikuwa yamepangwa mdomoni: mama, mimi sioni. Alifungua mdomo, na yaliyotoka yakawa mengine.

"Tangu mfumo huu ubadilishwe, mama, vitufe vinagongana. Unabonyeza hiki, kinatokea kile. Kila mtu kwenye chumba anajua."

"Ni kweli," mkaguzi alisema, akishukuru kupata pa kushika. "Walilalamika sana. Mzee alikuwa anahangaika."

"Na vitufe kavipanga nani?"

Pakawa kimya. Kinanda hakumwona shemeji yake, lakini alijua alipo. Alikuwa kulia kwake, karibu na mlango. Ile harufu ya waya na risasi ilitoka huko, na pumzi za mtu aliyeacha kuhema kisha akakumbuka. Kimya kile kilikuwa kirefu. Bosi alikisubiri, yule afisa alikisubiri, na Kinanda ndani yake aliendelea kujiambia kwamba mtu mwingine atasema kitu, chochote, sasa hivi. Angetamka neno moja tu, yangeisha. Alilimeza.

"Nilivipanga mimi," shemeji alisema.

"Ulivijaribu?"

"Nilivijaribu."

"Sasa mbona mtoto wa watu yuko kwenye mtungi?"

Bosi akamwambia shemeji akusanye vifaa vyake aache funguo kwa mlinzi, na kwamba akisikia kiwanda kingine kimempa kazi, atakipigia simu yeye mwenyewe. Mlango ukafunguliwa na kufungwa bila kishindo. Mkaguzi alipewa onyo. Kinanda akaambiwa aende akapumzike, mzee wa watu, amepauka.

Alirudi kazini baada ya siku chache. Kompyuta ilikuwa vilevile, maana fundi mpya hakuwa amepatikana na hakuna aliyejua kugusa mipangilio. Kila alichobonyeza kilifanya alichokitaka. Vidole vyake vilikuta vile vipele vya gundi mahali pake, akajaribu kuvibandua kwa ukucha, vikagoma. Chumbani walimwonea huruma. Walisema mzee kaangushwa na shemeji yake, tena aliyemwingiza kazini yeye mwenyewe. Kijana mmoja alisema yule fundi alikuwa na dharau siku zote. Kinanda angeweza kumkanya, na hakumkanya.

Baadaye mkaguzi alileta habari kwamba mtoto ametoka hospitali. Watu wakashusha pumzi. "Ila mama yake anasema hageuki akiitwa," mkaguzi akaongeza, akarudi kwenye meza yake.

Nyumbani, mkewe alikuwa na simulizi moja tu: kwamba mdogo wake amefukuzwa kwa kosa la kompyuta. Kinanda alimpa simulizi hiyo, akaipunguza na kuinyoosha kama lebo. Mke alilia, akamlaumu mdogo wake kwa uzembe, halafu akajilaumu kwa kumlaumu. Mumewe alikaa naye akimpigapiga begani. Naye shemeji hakuja wala hakupiga simu, na mke alipotaka kwenda kumwona, Kinanda alimwambia amwache kwanza atulie, mwanamume akianguka hapendi kutazamwa.

Mke alikwenda hivyo hivyo. Alikwenda Jumapili baada ya chakula, akarudi giza linaingia. Kinanda alikuwa sebuleni, hajawasha taa; kwa saa hizo taa haikumwongezea kitu. Alisikia kufuli, akasikia kandambili zikivuliwa, kiti kikivutwa.

"Nimetoka kwa mdogo wangu," mkewe alisema.

"Hajambo?"

"Anakusalimia."

Salamu ile ilimchoma Kinanda kuliko ambavyo tusi lingemchoma, na akaogopa kuuliza kinachofuata. Mkewe hakungoja kuulizwa.

"Nimevunja kiapo chako. Nilimwambia, mdogo wangu, mimi nimekulaumu bure, kuna kitu hukijui. Shemeji yako haoni. Unajua alinijibu nini? Alisema, dada, nilijua tangu siku ya vitufe."

"Hakuniambia kama anajua."

"Wewe ulimwambia?" Sauti yake haikupanda. "Nikamuuliza, sasa mbona hukusema mbele ya bosi? Una watoto, huna kazi, kiwanda gani kitakupokea na jina hilo? Akasema halikuwa lake kusema. Lilikuwa lako. Akasema bosi alipouliza, yeye alikuangalia wewe. Muda wote mliokaa kimya alikuwa anakuangalia, anakungoja."

"Sikumwona," Kinanda alisema.

"Najua hukumwona."

Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Kinanda alisubiri sauti ile iishe.

"Lakini ulijua alipo," mkewe alisema. "Unajua mimi nilipo sasa hivi. Unajua paka alipo. Ulijua anakuangalia, na ulijua anangoja nini. Hukuhitaji macho kwa hilo."

Kinanda alivua miwani, akaiweka mapajani.

"Kesho utakwenda?" mkewe aliuliza.

"Kazini?"

"Kwa bosi. Ukamwambie."

Alifikiria ofisi ile, chupa mezani, bosi akiuliza mara ya pili imekuwaje. Alifikiria vijana wakimpisha njiani, mmoja amemshika kiwiko. Alifikiria mama wa mtoto yule, ambaye hakuwa na sababu ya kujali ni fundi gani alifukuzwa. Alikuwa na jibu zuri, nalo aliliamini hata sasa.

"Binti bado hajamaliza," alisema. "Akimaliza, nitakwenda mwenyewe. Naapa. Ni muda tu, mke wangu. Mdogo wako tutamtafutia kitu, nitaongea na watu. Mtoto mwenyewe ametoka hospitali. Sasa hivi nikisema, tunaanguka wote, na mdogo wako hatainuka kwa sababu sisi tumeanguka. Wewe fikiria. Fikiria taratibu."

Aliongea sana. Alieleza habari za ada, na za daktari, na za matone ambayo huenda yakasaidia. Alieleza vizuri, kama alivyokuwa akiwaeleza vijana kazi, hatua kwa hatua. Alipofika mwisho akangoja ajibiwe, na hakujibiwa. Hakuwa amesikia kiti kikisogea, lakini pia alikuwa ameongea kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. Aligeuza uso upande wa kiti, akatazama. Kulikuwa na giza na kitu cheusi zaidi kidogo ya giza, ambacho kingeweza kuwa mtu na kingeweza kuwa mgongo wa kiti.

"Mke wangu," aliita.

Akanyamaza kusikiliza kama kuna anayehema. Kisha akaita tena, kwa sauti ya chini, akiwa hajui kama mkewe yumo chumbani anamwangalia au ameshatoka zamani.